Chakula kilichofutwa kwenye menyu: namna ya kukipika upya ukiwa Goma

Mtu aliyekula chipsi za McDonald's huko Marekani kabla ya 1990 akikuambia za siku hizi si zile, usimbishie. Hadi mwaka huo zilikaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kisha kampuni ikahamia mafuta ya mimea. Anayelilia pai ya tufaha ya zamani naye anasema kweli, maana mwaka 1992 pai hiyo iliacha kukaangwa Marekani ikaanza kuokwa. Vyakula hivi havikufutwa kwa kukosa wapenzi. Vilifutwa kwa ajili ya afya, gharama, muda wa jikoni, au hata karatasi ya kufungia, na sababu hiyo ndiyo inayokuonyesha ni kitu gani hasa kilipotea.

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, hakuna McDonald's wala Taco Bell, migahawa ya Marekani ya vyakula vya mtindo wa Meksiko. Kuna ndugu waliopitia Marekani, Ulaya na Afrika Kusini na kurudi na kumbukumbu zao, na kuna malighafi ambayo miji mingi ingeionea wivu: shahamu ya ng'ombe, birayi (viazi) vya milima ya Masisi na Kibumba, jibini ya Masisi, chuchu (tunda la kijani la mmea unaotambaa, chayote) za bure kwenye ua wa jirani. Mwongozo huu unachukua vyakula vitatu, yaani chipsi, pai ya kukaanga na Mexican Pizza ya Taco Bell, na kuvipika hatua kwa hatua kwenye mbabula (jiko la makaa). Chipsi zinachukua nafasi kubwa kuliko vingine kwa sababu ndizo ngumu, na mafuta yake yatatumika tena kwenye vingine viwili.

Kabla ya kwenda sokoni

Mkalishe anayekikumbuka chakula, umuulize maswali kwa mpangilio huu: kilikuwa kikavu au chenye mchuzi? Kilivunjika au kilivutika? Mafuta yalibaki kwenye midomo? Chumvi ilikuwa juu au ndani? Kililiwa cha moto au vuguvugu? Viungo viulize mwisho kabisa. Watu wengi huanza na viungo, na hapo ndipo wanapopotea, kwa kuwa ulimi unakumbuka sukari na pilipili nyingi kuliko zilizokuwepo, ila meno hukumbuka vizuri namna chakula kilivyovunjika.

Pili, ulizia mwaka na nchi. Jina moja linaweza kubeba vyakula viwili. Pai ya McDonald's ya kukaanga imeendelea kuuzwa Hawaii na Uingereza miaka mingi baada ya majimbo mengine ya Marekani kuhamia ya kuoka, kwa hiyo ndugu wawili wanaobishana kuhusu pai moja huenda wote wana haki.

Tatu, tafuta kwa nini kilifutwa. McDLT, baga ya McDonald's ya miaka ya 1980, iliuzwa kwenye boksi la povu lenye vyumba viwili: nyama na mkate wa chini upande wa moto, saladi, nyanya na mkate wa juu upande wa baridi. Povu lilipoanza kupingwa kama uchafu wa mazingira, kampuni ikatangaza mwaka 1990 kuwa inaliacha, na baga ikaondoka nalo. Humo hamkuwa na sosi ya siri. Ukitaka kuila leo, pika baga yoyote nzuri, tia vitu vya baridi kwenye bakuli lake, kisha unganisha mezani. Kazi imekwisha.

Kwa chakula cha mgahawa wa hapa mjini, nenda ukamuulize mpishi mwenyewe, saa tisa mchana wateja wakiwa wachache. Muulize mkate ulitoka tanuri gani, mafuta yalikuwa ya aina gani, mayonaizi ilikuwa ya kopo au ya kupigwa jikoni, nyama ililazwa usiku au ilipikwa siku hiyohiyo. Usimuulize „siri yako ni ipi?”, maana atakuchekea tu. Mara nyingi utakuta hakuna kilichobadilika isipokuwa mkate.

Chipsi za mafuta ya ng'ombe

*Kuyeyusha shahamu*

Mwambie muuza nyama unataka shahamu ya figo: ile nyeupe, ngumu, inayovunjikavunjika mkononi. Mafuta laini ya njano yaliyogandamana na nyama yaache. Chukua kilo 2, utapata takriban kilo 1.5 ya mafuta safi. Iagize jana yake au fika bucherini asubuhi mapema, kwa sababu wauza nyama wengi huigawa kama nyongeza kwenye mizani ya wateja.

Toa utando, mishipa na kila chembe ya nyama. Damu na nyama ndizo zinazoleta harufu ya supu na kuyafanya mafuta yaoze mapema. Kata vipande vya sentimita 1. Shahamu ya baridi hukatika vizuri, ya vuguvugu hushika kisu, basi ikate alfajiri au ilaze kwanza kwenye friji.

Tia vipande kwenye sufuria nzito pamoja na mililita 250 za maji. Maji haya hayahusiani na ladha. Yanazuia vipande visiungue chini kabla mafuta hayajaanza kutoka, kisha yatakauka yenyewe. Weka juu ya mbabula yenye makala (makaa) machache yaliyokwisha kushika, yafunike kwa majivu kidogo, na uache kwa saa 2 hadi 3, ukikoroga kila baada ya dakika 15. Usifunike sufuria.

Sikiliza sauti. Mwanzoni sufuria huchemka kwa kishindo cha maji. Maji yakiisha, kelele hupungua, mapovu huwa madogo, vipande hupata rangi ya dhahabu na kuanza kuzama. Hapo ipua, subiri dakika 10, chuja kwa chujio, kisha chuja tena kwa kitambaa safi cha pamba. Mafuta yawe angavu kiasi cha kuona chini ya chombo, na yakiganda yawe meupe.

Yakiganda na rangi ya kahawia na harufu ya kuungua, moto ulikuwa mkali, na hakuna dawa: hayo tumia kukaangia sombe (majani ya muhogo) au maharage. Ukikuta tabaka la majimaji ya kijivu chini ya bonge lililoganda, maji hayakuisha. Toa bonge, kwangua upande wa chini, yeyusha upya hadi mapovu yaishe kabisa. Usiruke hatua hii. Matone ya maji yaliyofichwa kwenye mafuta hulipuka yakifika nyuzi 100 na zaidi, na yanaruka usoni.

Mchanganyiko wa zamani wa McDonald's ulikuwa asilimia 93 mafuta ya ng'ombe na asilimia 7 mafuta ya mbegu za pamba. Ya pamba ni shida kuyapata, kwa hiyo weka ya alizeti au soya, mililita 120 kwa kilo 1.5 ya mafuta ya ng'ombe. Mawese mekundu usiyaguse hapa, harufu yake itafunika kila kitu.

*Birayi*

Ray Kroc alipofungua mgahawa wake wa McDonald's huko Des Plaines, Illinois, mwaka 1955, chipsi zake hazikutoka kama za ndugu wa McDonald wa San Bernardino, ingawa alifuata hatua zilezile. Tofauti ilikuwa ghala. Kule California viazi vilikaa kwenye mapipa ya wazi, upepo mkavu wa jangwa ukivipitia, na sukari yake ikageuka wanga. Kroc akajenga utaratibu wa kuvipuliza feni.

Fanya vivyo hivyo. Birayi vinavyoshuka kutoka milimani mara nyingi vimechimbwa juzi na vina maji. Tandika magunia kwenye chumba chenye giza na hewa, vitawanye visigusane sana, uviache siku 10 hadi 14. Usivioshe kabla ya kuvihifadhi. Jua litavifanya vya kijani na vyenye sumu. Friji ni mbaya zaidi kwa chipsi, kwa kuwa baridi hugeuza wanga kuwa sukari, na sukari huungua: chipsi zinakuwa nyeusi nje huku ndani bado mbichi. Watu wengi hulaumu mafuta kwa kosa hilo la birayi.

Jambo la pili ni aina. Unataka birayi vyenye unga, visivyo na utelezi. Kinigi, ile ya ganda jekundu inayovuka kutoka Rwanda, inafaa sana ikiwa imekomaa. Kama muuzaji hana uhakika wa jina, pima mwenyewe: yeyusha kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza kirayi kimoja. Kikizama, kina unga, nunua. Kikielea, ni cha mchuzi. Wauzaji wa soko la Virunga watakutazama vibaya ukienda na ndoo, basi nunua vinne tu kwanza, ukapimie nyumbani.

*Kukata na kuchemsha*

Menya kilo 1, kata vijiti vya milimita 7 kila upande. Visilingane urefu, hakuna neno, ila unene ulingane. Vyembamba vitaungua ukisubiri vinene. Osha kwa maji yanayobadilishwa mara tatu au nne hadi maji yawe meupe kabisa bila ukungu wa wanga.

Tia kwenye sufuria yenye lita 2 za maji baridi, vijiko 2 vikubwa vya siki, vijiko 2 vikubwa vya chumvi na kijiko 1 kidogo cha sukari. Siki huvizuia vijiti visipondeke, sukari huleta rangi iliyo sawa. Maji yakianza kuchemka, hesabu dakika 11 hadi 12. Mapishi ya vitabuni husema 10, lakini Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Dakika hizo mbili ndizo zinazotofautisha chipsi yenye moyo laini na ile yenye kiini kigumu.

Kijiti kilichoiva kinapinda bila kuvunjika. Mwaga maji taratibu, tandaza vijiti juu ya kitambaa, viache vitoe mvuke hadi viwe vikavu kwa kugusa. Unyevu ukibaki, mafuta yatapoa na kufurika.

*Kukaanga mara mbili*

Mafuta yasizidi nusu ya kina cha karai. Kifuniko kiwe mkononi, maji yawe mbali. Mafuta yakishika moto, funika na ondoa karai kwenye mbabula. Ukimwagia maji utaunguza nyumba.

Duru ya kwanza ni nyuzi 160, dakika 2, gramu 250 kwa mara moja na si zaidi. Kama huna kipimajoto, dondosha kijiti kimoja: kwenye 160 kinazama kidogo, kisha kinapanda na mapovu ya taratibu. Toa vijiti vikiwa bado vyeupe. Vipoe dakika 30. Mwenye friza avigandishe usiku mzima, maana barafu hupasua ndani ya kirayi na kuacha ulaini ambao njia nyingine haileti.

Duru ya pili ni nyuzi 185, dakika 3 au hadi rangi ya dhahabu. Hapa kijiti cha kupimia hakizami hata kidogo, na mapovu hutoka kwa fujo mara moja. Mafuta yakianza kufuka moshi umepita kiasi, ondoa karai dakika 2. Kwenye mbabula joto hupungua kila unapotia birayi, kwa hiyo uwe na makala mapya yaliyoshika pembeni uyaongeze kati ya duru moja na nyingine, si katikati ya duru.

Chumvi isagwe kwenye kinu iwe laini kama unga, kijiko 1 kidogo kwa nusu kilo, na inyunyizwe chipsi zikiwa bado zinang'aa. Ukichelewa dakika moja chumvi haishiki, inabaki chini ya sahani.

Uzile haraka. Mafuta ya ng'ombe huanza kuganda mapema kuliko ya mimea, na jioni za Goma zina ubaridi. Baada ya dakika 10 utaanza kuyasikia kwenye paa la mdomo. Hii si chakula cha kubeba kwenye mfuko hadi mtaa wa Himbi.

Zikitoka zimelegea na zimenyonya mafuta, ulijaza karai kupita kiasi au moto ulikuwa chini. Zikiwa ngumu kotekote, zilikaa muda mrefu kwenye duru ya kwanza. Zikiwa nzuri lakini harufu ni ya supu ya mifupa, rudi kwenye shahamu: hukusafisha nyama.

Mafuta yakipoa kidogo yachuje na kuyatunza kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Yanatumika mara kadhaa. Yakiwa meusi, yakitoa povu lisiloisha, au yakifuka moshi mapema, yatupe, na usiyamwage kwenye mfereji: yataganda humo.

Neno kuhusu afya, kwa kuwa ndilo lililoua chipsi hizi. Phil Sokolof, mfanyabiashara wa Omaha, Nebraska, aliyewahi kupata shambulio la moyo, alilipia matangazo ya kurasa nzima magazetini akiishutumu McDonald's kwa mafuta ya ng'ombe, na mwaka 1990 kampuni ikakubali. Mafuta ya mimea yaliyofuata yalikuwa na kasoro yake, mafuta ya trans (yale ya mimea yaliyogandishwa kiwandani, mabaya kwa moyo), na McDonald's Marekani ilimaliza kuyaondoa mwaka 2008. Chipsi za ng'ombe ni za siku maalumu. Na ukialika watu, sema wazi zimekaangwa na nini. Baada ya 1990 McDonald's iliendelea kuweka kionjo cha ng'ombe kwenye chipsi za Marekani bila kuwaeleza vizuri Wahindu na wasiokula nyama, na mwaka 2002 ikakubali kulipa dola milioni 10 kumaliza kesi.

Pai ya kukaanga

Pai hii iliingia menyu ya Marekani mwaka 1968, ikatokana na Litton Cochran, mwenye migahawa ya McDonald's huko Knoxville, Tennessee. Watu wanaomba irudi kwa ajili ya ganda lake lenye malengelenge. Malengelenge hayo hutokea maji ya kwenye unga yanapogeuka mvuke ghafla ndani ya mafuta. Oveni haiwezi kuyaleta.

Matufaha hapa ni ya kuagizwa na bei yake haina huruma. Ukiyapata, menya matatu. Usipoyapata, tumia chuchu, na tungesema hata mwenye matufaha aijaribu: chuchu iliyopikwa na ndimu hushika umbo vizuri kuliko tufaha lililokaa sana dukani. Menya gramu 500 ukiwa umeizamisha majini, kwa sababu utomvu wake hung'ang'ania vidoleni. Kata vipande vya sentimita 1, pika na gramu 90 za sukari, maji ya ndimu 2, nusu kijiko kidogo cha mdalasini, chembe ya chumvi na mililita 200 za maji. Baada ya dakika 15 hivi vipande vitaanza kupitisha mwanga. Changanya kijiko kikubwa 1 na nusu cha maizena (wanga wa mahindi) na vijiko 3 vya maji baridi, mimina, koroga dakika 1. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria, njia yake ibaki wazi kwa muda kidogo kabla ya kujifunga. Ukitumia matufaha, punguza ndimu iwe nusu, na maji yawe mililita 80.

Acha ipoe kabisa. Ujazo wa moto hulainisha unga, pai inapasuka kwenye mafuta, na sukari iliyomwagika huungua na kuyaharibu mafuta yote.

Kwa unga: gramu 300 za ngano, nusu kijiko kidogo cha chumvi, kijiko 1 kidogo cha sukari, gramu 75 za mafuta ya ng'ombe yaliyoganda au majarini. Sugua mafuta kwenye unga kwa ncha za vidole hadi iwe chengachenga, ongeza maji baridi mililita 115 kidogo kidogo, kusanya bila kukanda sana. Usiukande kama wa chapati, utavutika na pai itakuwa ya kutafuna. Funika dakika 30.

Gawa mara 8, sukuma kila donge liwe sentimita 12 kwa 14, unene milimita 3. Weka vijiko 2 vikubwa vya ujazo upande mmoja, lowesha kingo kwa maji, kunja, bana kwa uma pande zote. Toboa juu mara mbili. Zipumzishe mahali pa baridi dakika 20, kisha kaanga mbilimbili kwenye nyuzi 180, dakika 4 hadi 5, ukigeuza mara moja. Usimpe mtoto kabla ya dakika 10 kupita. Ganda hupoa mapema na kuficha moto wa ndani.

Mexican Pizza

Ya Taco Bell, iliyoanza mwaka 1985, ni diski mbili za unga wa ngano zilizokaangwa. Katikati nyama ya kusaga na maharage yaliyopondwa, juu sosi nyekundu, jibini na nyanya. Iliondolewa Novemba 2020, na kampuni ikataja boksi lake: lilikula zaidi ya pauni milioni 7 za karatasi ngumu kwa mwaka Marekani, yaani tani 3,000 na zaidi. Ilirudi Mei 2022, ikaisha madukani kabla ya wakati, ikarudi tena Septemba mwaka huohuo.

Kishawishi ni kutumia chapati. Usitumie: tabaka zake hunyonya mafuta na ndani ya dakika tano inalowa. Changanya gramu 250 za ngano, gramu 30 za mafuta, nusu kijiko cha chumvi, maji ya vuguvugu mililita 130. Pumzisha dakika 20, gawa mara 8, sukuma diski za sentimita 16, nyembamba sana. Zitoboe kwa uma kila sehemu, la sivyo zitavimba. Kaanga kwenye nyuzi 175, dakika 1 kila upande, uzisimamishe zichuruzike.

Nyama: gramu 300 za kusaga. Taco Bell ilisema hadharani mwaka 2011 kwamba mchanganyiko wake ni asilimia 88 nyama na 12 vitu vingine, oti zikiwemo. Ndiyo maana ulikuwa laini, karibu na rojo. Weka vijiko 2 vikubwa vya oti zilizosagwa, kijiko 1 kidogo cha jira, kitunguu saumu punje 3, pilipili ya unga kiasi chako, chumvi, na mililita 150 za maji. Pika hadi maji yaishe huku ukiponda mabonge kwa mwiko. Maharage vikombe 2 yaliyoiva yaponde kwenye kijiko cha mafuta ya ng'ombe na kitunguu. Yawe mazito: maharage yenye mchuzi ndiyo yanayoharibu pizza hii kuliko kitu kingine. Wasiokula nyama huweka maharage peke yake, na hata huko Marekani hilo lilikuwa na wafuasi wengi.

Sosi ni vijiko 4 vya tomati ya kopo, mililita 200 za maji, siki kijiko 1, jira chembe, dakika 8 motoni. Jibini ya Masisi ikwangue gramu 150. Chagua iliyokaa kidogo, kwa kuwa changa hutoa maji.

Panga: diski, maharage, nyama, diski, sosi vijiko 2, jibini, nyanya. Weka kwenye sufuria kavu ya chini bapa, funika kwa kifuniko cha chuma, tia makala ya moto juu ya kifuniko na machache sana chini, kama unavyooka keki. Dakika 4 zinatosha. Kata mara nne, uile hapohapo.

Ukikosea, na ukipatia

Badilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio. Ukibadili birayi na mafuta siku moja, hutajua ni kipi kilichofaa. Mpe aliyekikumbuka chakula aonje kabla hujamwambia ulichobadili, na uandike anachosema kwa maneno yake.

Ikiwa chakula ni cha mgahawa wa hapahapa, na mpishi bado yupo, njia fupi ni kumwomba akirudishe kwa siku moja. Maombi ya hewani hayamsaidii, anahitaji hesabu. Kusanya watu wasiopungua kumi, mwambie ni sahani ngapi, Jumamosi ipi, saa ngapi, na mlipe nusu siku mbili kabla ili anunue vitu. Kama aliacha kwa sababu ya mkate au jibini, jitolee kuvileta wewe. Akikataa, omba akuuzie sosi tu kwenye chupa. Wengi hukubali hilo.